Mbele Kaisari, Nyuma Mji Wenyewe

Waliotaka kumtega Yesu kwa swali la kodi walimletea dinari, naye akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Wakajibu ni ya Kaisari. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jibu lile, na sijasikia mhubiri aliyeigeuza ile sarafu atazame upande wa pili. Kwa dinari hasara si kubwa, maana ilikuwa fedha ya dola nzima na mgongo wake ulisema yale ambayo Roma ilitaka yasemwe. Lakini katika majimbo, hasa ya mashariki ambako watu walizungumza Kigiriki, wanunuzi walikwenda sokoni na sarafu za namna nyingine kabisa. Zilikuwa za shaba, zilizogongwa kwa nyundo katika mji wao wenyewe. Mbele zilikuwa na kichwa cha mfalme wa Roma, na nyuma zilikuwa na kitu ambacho mji uliamua kukiweka. Hizo ndizo ninazozipenda, na ndizo ninazotaka kuzizungumzia leo.

Tangu siku za Julius Caesar hadi mwishoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, mamia ya miji ilitoa sarafu hizi. Nyingi zina mambo ya kawaida: tai, hekalu, mungu wa kike wa bahati, taji la washindi wa michezo. Halafu ghafla unakutana na nyoka mwenye nywele ndefu za binadamu. Unakutana na jiwe jeusi ambalo tai amelikalia, au ndege mwenye miale kuzunguka kichwa, au sanduku linaloelea majini likiwa na watu wawili ndani. Baadhi ya picha hizo zimebaki kwenye sarafu chache mno, na wauzaji huzinadi kwa maneno ya siri na maajabu.

Mimi siamini kwamba kuna siri iliyofichwa pale. Hakuna mji unaoficha siri yake kwenye hela ya kununulia samaki. Picha zile ziliwekwa zisomwe na kila mtu, kuanzia diwani hadi mchuuzi, na wote walizisoma bila shida. Chukua senti hamsini ya Tanzania ya mwaka 1966: mbele yupo Mwalimu Nyerere, nyuma yupo sungura. Atakayeiokota baada ya miaka 1,800, ambaye hajasimuliwa hata hadithi moja ya sungura na fisi, atakuwa na picha mkononi na hatakuwa na masimulizi yake. Sisi ndio tuko hivyo mbele ya sarafu za majimbo ya Kirumi. Kwa hiyo swali langu huwa moja: katika mji huu, kitu hiki walikisimuliaje?

Apameia ulikuwa mji wa Frigia, kwenye chemchemi za mito Marsyas na Maeander, mahali ulipo leo mji wa Dinar nchini Uturuki. Strabo, mwanajiografia wa siku za Augustus na Tiberius, anasema kwamba kwa biashara, katika jimbo lote la Asia mji huu ulizidiwa na Efeso peke yake. Chini ya Septimius Severus, aliyetawala mwaka 193 hadi 211, Apameia ilitoa sarafu kubwa ya shaba yenye picha ambayo Mkristo, Mwislamu au Myahudi yeyote ataitambua papo hapo. Kuna sanduku juu ya maji, kifuniko kimefunguliwa, na ndani wamesimama mwanamume na mwanamke. Ndege mmoja ametua juu ya kifuniko, mwingine anakuja akiruka na tawi. Pembeni, nchi kavu, wamesimama walewale wawili, kila mmoja ameinua mkono. Duara moja dogo linasimulia nyakati mbili za kisa kimoja, jambo ambalo kwenye sarafu ni nadra sana. Na ubavuni mwa sanduku zimechongwa herufi tatu za Kigiriki: ΝΩΕ. Ni Nuhu.

Tuliangalie jambo hili kwa uzito wake. Geuza sarafu na utakutana na mfalme aliyejengewa mahekalu na kutolewa sadaka kama miungu. Sarafu haikutoka katika sinagogi wala kanisa, bali kwa wakuu wa mji wa kipagani, na pembeni inabeba jina la kiongozi aliyehusika. Wala haikuwa bahati ya mwaka mmoja. Picha ileile ilirudi chini ya Macrinus, na tena chini ya Filipo Mwarabu aliyetawala mwaka 244 hadi 249. Mji uliishikilia kwa miongo kadhaa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Apameia ulikuwa na jina la pili, Kibotos, yaani sanduku, na neno hilohilo ndilo lililotumika kwa safina pale Torati ilipotafsiriwa kwa Kigiriki. Ni kweli, lakini naona halitoshi. Mji hauweki kisa cha watu wengine kwenye fedha yake kwa sababu tu ya kufanana kwa majina. Lazima wasimulizi wa kisa hicho wawepo mjini na wasikilizwe. Na walikuwepo. Takriban mwaka 200 kabla ya Kristo, mfalme Antioko III aliamuru familia 2,000 za Wayahudi zihamishwe kutoka Mesopotamia na kuwekwa Lidia na Frigia. Mwaka 59 kabla ya Kristo, Cicero alipokuwa akimtetea mahakamani gavana Flaccus, alitaja dhahabu ya Wayahudi iliyozuiwa kwenda Yerusalemu. Katika Apameia peke yake ilipimwa sokoni, mbele ya gavana, ikakaribia ratili mia moja. Jumuiya inayoweza kuchanga kiasi hicho si ya wapita njia.

Upande wa pili, Frigia ilikuwa na gharika yake. Mshairi Mrumi Ovid anasimulia juu ya wazee wawili maskini wa nchi hiyo, Philemon na Baucis, waliowakaribisha miungu bila kuwajua na wakaokolewa majirani zao walipozama. Wafrigia pia walimkumbuka mfalme Nannakos, aliyelia kabla ya maji kuja. Na katika beti za Kigiriki zinazoitwa za Sibila, yaani nabii wa kike wa kale, ambazo Wayahudi na Wakristo walizitunga na kuziongezea kwa vizazi, mlima ambao safina ilitua juu yake umewekwa Frigia, kwenye chemchemi za Marsyas. Huko ni Apameia kwenyewe. Naiona picha inajieleza: Myahudi na mpagani wa mji mmoja walikubaliana kwamba jambo lile kubwa lilitokea kwao. Na mji uliokuwa nyuma ya Efeso kwa mali ukapata la kuuambia ulimwengu, kwamba binadamu walianza upya hapa. Hiyo ndiyo sababu jina la Nuhu likaandikwa, ili msomaji asidhani ni mwingine.

Kuna sarafu nyingine inayonigusa kwa namna tofauti, kwa sababu tunaye shahidi aliyeichukia. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alitumia kitabu kizima kumshambulia mtu mmoja aitwaye Alexander, wa mji mdogo wa Abonoteichos kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Kwa maelezo yake, Alexander alificha kinyoka ndani ya yai la bata bukini, akalizika kwenye msingi wa hekalu, kisha akalifukua mbele ya umati na kutangaza kwamba mungu amezaliwa. Siku chache baadaye alionekana akiwa amevaa joka kubwa mwilini. Joka lilikuwa mpole, limenunuliwa Pella, mji wa Makedonia, na lilivishwa kichwa cha kitani chenye sura ya mtu ambacho mdomo wake ulifunguliwa kwa nywele za farasi. Jina lake Glykon. Kila swali kwa mungu huyo lililipiwa drakma moja na oboli mbili. Seneta wa Roma, Rutilianus, alimwoa binti wa Alexander. Wakati wa vita mtoni Danube simba wawili walitupwa majini kwa agizo la Glykon, na jeshi la Roma likapigwa. Lucian mwenyewe alipopewa mkono aubusu, aliung'ata.

Ukimsoma Lucian peke yake, unaweza kudhani ni hadithi iliyotiwa chumvi mno. Kisha unaitazama sarafu ya Abonoteichos ya wakati wa mfalme Antoninus Pius, na huyo hapo: nyoka amejizungusha mapindi, ana kichwa chenye sura ya binadamu, na pembeni pameandikwa ΓΛΥΚΩΝ. Lucian anasema Alexander alimwomba mfalme mji ubadilishwe jina uitwe Ionopolis. Kwenye sarafu za wakati wa Lucius Verus, jina ni hilohilo, nalo ndilo lililogeuka kuwa İnebolu, jina la mji huo hadi leo. Mwaka 1962, huko Constanța nchini Romania, ilichimbuliwa sanamu ya marumaru ya Glykon iliyo kamili, nywele zake ndefu zikishuka shingoni.

Namwamini Lucian kuhusu kile kichwa cha kitani. Lakini sarafu inanipa kitu ambacho hasira yake haikuweza kunipa, nacho ni jinsi mji ulivyomwona mungu wake. Hizo zilikuwa zama za tauni kubwa, na Lucian huyohuyo anakiri kwamba watu waliandika mstari wa Glykon juu ya milango yao ili ugonjwa usiingie. Mji uliendelea kumpiga chapa Glykon hadi siku za Trebonianus Gallus, miaka ya 251 hadi 253, Alexander akiwa ameshakufa zamani. Utapeli wa mtu mmoja hauishi miaka yote hiyo kwenye fedha ya umma bila watu kuuhitaji.

Kuhusu mawe sitakaa sana. Emesa, yaani Homs ya Syria, ilimwabudu mungu wake kwa umbo la jiwe jeusi lenye ncha, na sarafu za mji zinaonyesha tai amelikalia. Mwanahistoria Herodian anasema wenyeji waliamini lilishuka kutoka mbinguni. Kijana aliyekuwa kuhani wa jiwe hilo akawa mfalme wa Roma mwaka 218, Elagabalus, akalihamishia Roma, na baada ya kuuawa kwake mwaka 222 likarudishwa. Kupro nayo, kwenye sarafu za hekalu la Paphos, inamwonyesha Aphrodite, mungu wa uzuri, akiwa jiwe lililochongoka lisilo uso wala mkono. Mwanahistoria Tacitus alilieleza umbo hilo na kusema kwamba sababu yake iko gizani. Alikuwa Mrumi wa zama zilezile, mwenye elimu kubwa, na bado alisimama nje ya mlango kama sisi. Nalipenda sana neno lake hilo kwa sababu linaonyesha kwamba ugeni haukuletwa na miaka peke yake. Hata wakati ule, picha ya mji ilikuwa ya wenye mji.

Alexandria ndiyo bahari yenyewe. Misri ilikuwa na fedha yake iliyofungiwa ndani ya mipaka, desturi iliyoanza na wafalme wa ukoo wa Ptolemy na ambayo Augustus aliiacha iendelee. Mfanyabiashara aliyeingia na fedha za nje alizibadilisha. Katikati ya karne ya 1, nahodha au mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki maelezo ya safari za Bahari ya Hindi, yakifika hadi soko la Rhapta kwenye pwani yetu. Anataja mikuki, mashoka, majambia, bidhaa za kioo na divai kidogo ya kujenga urafiki, lakini hataji fedha za kupeleka Rhapta. Sarafu za Alexandria alizozitumia kwao huenda hazikuwa na kazi kwetu. Karibu zote zilibeba mwaka wa utawala wa mfalme, na ule mwaka ndio unaotusaidia kuzisoma.

Katika mwaka wa 2 wa Antoninus Pius, yaani kuanzia mwisho wa Agosti 138 hadi mwisho wa Agosti 139, Alexandria ilitoa sarafu yenye feniksi, yule ndege wa hadithi anayekufa na kuzaliwa upya. Amesimama wima, kichwani ana duara la nuru, na ameandikiwa neno moja, ΑΙΩΝ, yaani zama. Kwa nini mwaka huo? Kalenda ya kale ya Misri ilikuwa na siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, hivyo kila miaka minne ilipishana na jua kwa siku moja. Siku ya mwaka mpya ilizunguka misimu yote. Kwa asili mwaka ulitakiwa uanze pale nyota ya Sirius, ile Shi'ra inayotajwa katika Kurani, inapoonekana tena alfajiri mwezi Julai, karibu na mafuriko ya Mto Nile. Ili mwaka mpya na nyota vikutane tena ilibidi ipite miaka 1,461 ya kalenda hiyo. Mwandishi Mrumi Censorinus, aliyeandika mwaka 238, anatuambia vilikutana mwaka 139. Na Tacitus, akizungumzia umri wa feniksi, anasema wapo wanaoshikilia kwamba hurudi kila baada ya miaka 1,461.

Julai ya mwaka 139 imo ndani ya mwaka wa 2 wa Antoninus. Ndege, neno na hesabu vinakaa mahali pamoja. Sarafu ile ilikuwa inamwambia mtu wa Alexandria kwamba saa kubwa ya mbingu imemaliza mzunguko na inaanza upya, na kwamba yeye, kati ya vizazi vyote, ndiye aliyejaliwa kuishi siku hiyo. Nikifika hapo huwa natetemeka kidogo, nasema kweli.

Mji haukuishia hapo. Mwaka wa 8 wa mfalme huyohuyo, 144 hadi 145, zilitoka drakma kubwa za shaba zinazoonyesha kila sayari ndani ya nyumba yake, yaani kundi la nyota ambalo wanajimu waliliona ni lake. Jua limo katika Simba na Mwezi katika Kaa. Utaridi ana Mapacha na Mashuke, Zuhura ana Ng'ombe na Mizani, Mirihi ana Kondoo na Nge, Mushtarii ana Samaki na Mshale, Zohali ana Mbuzi na Ndoo. Hesabu yake ni 12, na ukiziweka pamoja una mbingu nzima mezani. Wakati huohuo, katika mji huohuo, Claudius Ptolemy alikuwa akipima nyota na kuandika vitabu ambavyo Waarabu walikuja kuvitafsiri na kuviendeleza. Mpangilio wa nyumba hizo ulifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya elimu ya falaki. Mzee wa falaki wa Lamu au Unguja akiwekewa zile drakma mbele yake angezisoma bila mkalimani, kwa kuwa kwake nyumba ya Jua ni Simba na nyumba ya Zohali ni Mbuzi na Ndoo vilevile. Katika picha zote za sarafu za majimbo, hii, kama ile ya Nuhu, ni mojawapo ya chache ambazo wasomaji wake hawakukatika.

Magharibi nako kulikuwa na mambo. Nîmes ya Ufaransa, wakati huo Nemausus, ilitoa sarafu ya mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende, kumbukumbu ya Roma kuiteka Misri, na mamba huyo yumo kwenye nembo ya mji hadi sasa. Chache sana katika sarafu hizo zimetengenezwa zikiwa na kipande cha ziada ubavuni, kimechongoka kama mguu wa nyuma wa mnyama. Huwezi kulipia kitu sokoni kwa sarafu yenye mguu. Mji ulikuwa na chemchemi takatifu, na nakubaliana na wanaosema zilikuwa sadaka ya kutupwa majini, mguu wa nyama uliogeuzwa shaba.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Jibu kama hilo linategemea kujua sarafu ilipatikana wapi. Uwanja wa mnada hautaki kujua. Watu wenye mashine za kutambua chuma huingia usiku kwenye magofu, huchimba, na sarafu huibukia nchi nyingine ikiwa imesafishwa na haina kwao. Picha haijapotea, lakini chemchemi, kaburi au chungu ilimokuwa havitajulikana tena. Kwa anayetaka kuzitazama bila kuchochea biashara hiyo, mradi wa kuorodhesha sarafu za majimbo ya Kirumi, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1992, umeweka maelfu ya aina zake kwenye intaneti bure, na mji, mfalme na maandishi yake vimeelezwa. Andika jina la mji wowote wa Matendo ya Mitume au wa barua za Paulo, Efeso, Perge, Tarso, Korintho, na utaona wenyeji wake waliuonyeshaje ulimwengu.

Miji ilinyamaza mmoja baada ya mwingine katikati ya karne ya 3, vita na kushuka kwa thamani ya fedha vilipofanya shaba yao isilipie hata gharama ya kuigonga. Perge ya Pamfilia ilikuwa bado inatoa zake chini ya mfalme Tacitus, si yule mwanahistoria, mwaka 275 na 276. Alexandria ilidumu miaka kama 20 zaidi, hadi mfalme Diocletian alipoifunga fedha ya Misri na kuuingiza mji katika mfumo mmoja wa dola. Sarafu mpya zilikuja na Kilatini. Nyuma amesimama kijana mwenye bakuli na pembe ya neema, pameandikwa GENIO POPVLI ROMANI, yaani kwa roho mlinzi wa watu wa Roma, na kijana huyohuyo amesimama vilevile kwenye sarafu za Trier, London na Antiokia. Ukitaka kujua kwamba iliyo mkononi mwako imetoka Alexandria, inabidi utafute herufi tatu ndogo chini ya miguu yake: ALE.